Kichefuchefu Unapokunywa Dawa ya Kusafisha Utumbo

Shikamoo muuguzi. Keshokutwa nafanyiwa kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, nimepewa lita 4 za dawa ya unga. Mara ya kwanza nilitapika nikaiacha. Nifanyeje?

Marahaba. Pole sana. Dawa hiyo, poliethilini glikoli, karibu yote haifyonzwi mwilini. Hushika maji ndani ya utumbo ili yasukume uchafu. Ukiinywa haraka kuliko tumbo linavyoiteremsha, hurudi juu. Ichanganye mapema, iwe baridi kabisa. Kunywa mililita 250 kila dakika 10 hadi 15, kwa mrija uliofika nyuma ya ulimi, na ulambe kipande cha limau baada ya kila glasi. Usilale, tembeatembea ndani. Kichefuchefu kikipanda, pumzika nusu saa, kisha endelea polepole.

Kubwa zaidi, mwombe daktari akugawie dozi: nusu jioni, nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Lita 4 zote usiku mmoja ni mateso ambayo wagonjwa wengi hawahitaji kuyapitia, na utumbo husafika vizuri zaidi ukigawa.

Nikitapika tena, nirudie niliyoipoteza?

Usijiamulie, piga simu hospitali. Omba pia dawa ya kuzuia kutapika, kama ondansetroni au metoklopramidi. Daktari ndiye atakayechagua. Lakini tumbo likivimba na kuuma sana, unatapika mfululizo na haja haitoki, acha dawa uende hospitali saa hiyohiyo. Huenda utumbo umeziba.

Ninywe nini kuondoa ile ladha?

Chai ya tangawizi iliyochujwa, bila maziwa. Supu ya kuku iliyochujwa. Juisi ya tufaha iliyo angavu. Rozela hapana, wala kinywaji chochote chekundu, kwa kuwa rangi yake ndani ya utumbo yaweza kudhaniwa damu.

Nikianza kutoa maji matupu, niishie hapo?

Malizia. Yanayotakiwa ni maji angavu ya manjano kama mkojo. Mabaki kidogo tu yanaweza kuficha vinyama ambavyo baadaye huweza kugeuka saratani, na kipimo huenda kikarudiwa.

Mama yangu naye atafanyiwa kipimo hiki. Ana kisukari, anachoma insulini.

Mpigieni daktari wake kabla hajaanza kufunga chakula, awapangie dozi. Mpimeni sukari mara nyingi kuliko kawaida, na muwe na juisi angavu yenye sukari karibu. Akitetemeka au kutoka jasho jembamba, mpimeni papo hapo. Ikiwa imeshuka, apewe juisi hiyo bila kungoja simu ya mtu.