Kompyuta Ikigoma Kuwaka Baada ya Kupandishwa Toleo, Usikimbilie Kufomati

Mashine ya kwanza kuletwa mezani kwangu ikiwa haiwaki baada ya kupandishwa toleo, niliifomati. Kazi haikufika saa moja. Ikawaka vizuri, nikairudisha kwa mwenyewe nikijiona fundi. Alipoifungua akaniuliza ziko wapi data za utafiti wake wa miaka miwili. Zilikuwa ndani ya ile diski, nzima kabisa, mpaka dakika ile nilipobonyeza kukubali kufuta.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii kwa sababu ya uso wa yule mtu siku ile. Nazungumzia zaidi mashine za Linux. Mfumo endeshi ukikwama katikati ya kupanda toleo, mara nyingi kilichoharibika ni mafaili machache ya kuuwashia. Nyaraka na picha za mwenyewe bado zipo. Kwa hiyo washa mashine kwa flashi yenye Linux ya kujaribia, ile isiyohitaji kusakinishwa, fungua diski kwa kusoma tu kwa `mount -o ro`, kisha nakili kila chenye thamani kwenye diski nyingine. Hata kama una hakika tatizo ni dogo, nakili kwanza. Mkono unaojua data ziko salama hufanya kazi kwa utulivu, na kwenye kazi hii utulivu ni nusu ya ujuzi.

Baada ya hapo, tafuta mahali mashine inapokwama. Kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana kijiti: UEFI, programu iliyo kwenye ubao mama, inaamka na kuikabidhi GRUB, programu ya kupakia mfumo; GRUB inapakia kerneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na initramfs, lile furushi dogo la draiva za kuanzia; kerneli inafungua diski kuu; kisha systemd, msimamizi wa huduma, inaanzisha huduma zote mpaka dirisha la kuingilia. Ukijua kijiti kimeangukia kwa nani, umeshaondoa robo tatu ya mambo ya kuhangaika nayo. Usipoiona hata menyu ya GRUB, shughulika na patisheni ya EFI, yaani kipande cha diski chenye mafaili ambayo UEFI inaanza nayo. Ikikaa sekunde 90 ikisubiri diski kisha ikakupeleka kwenye hali ya dharura, soma `/etc/fstab`, orodha ya patisheni za kufunguliwa: huenda kuna UUID, yaani namba ya utambulisho, ya patisheni ambayo haipo tena. Skrini ikiwa nyeusi tupu lakini taa ya Caps Lock inawaka na kuzimika unapobonyeza, kerneli iko hai, na mshukiwa wangu wa kwanza huwa ni draiva ya kadi ya picha. Hapo rudi kwenye GRUB, bonyeza `e`, nenda kwenye mstari unaoanza na `linux`, ongeza `nomodeset` mwishoni, kisha Ctrl+X. Ikifika kwenye dirisha, sakinisha upya draiva inayoendana na kerneli mpya.

Kuna kosa moja nimelikuta mara nyingi kuliko mengine yote, nalo nataka mlijue vizuri. Skrini inaandika `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Ujumbe huu unatisha, na wengi wakiuona wanadhani diski imekufa. Zile sifuri mbili zinasema jambo jingine: kerneli haijaiona diski yoyote ya kufungua, kwa kawaida kwa sababu initramfs haipo au haikukamilika. Na sababu yake mara nyingi ni ya kawaida mno. Patisheni ya `/boot`, zinakokaa kerneli na initramfs, ilijaa. Wakati wa kupanda toleo kerneli mpya ilipata nafasi ya kukaa, initramfs yake ikakosa, na ilani ya kukosa nafasi ikapita katikati ya mamia ya mistari bila mtu kuisoma.

Kabla ya kutafuta flashi kwa ajili ya ukarabati huu, jaribu kerneli ya zamani. Shikilia Shift kwenye mashine za BIOS, mtangulizi wa UEFI, au gusa Esc kwenye za UEFI, menyu ya GRUB itokee. Ingia kwenye chaguo za ziada, chagua toleo la chini yake. Ubuntu na Debian, aina mbili za Linux, huacha angalau kerneli moja ya zamani kwa ajili ya siku kama hii. Ikiwaka, futa kerneli zilizopitwa na wakati huku ukiiacha hiyo unayoitumia, ambayo `uname -r` itakutajia, kisha endesha `dpkg --configure -a`, `update-initramfs -u -k all` na `update-grub`.

Isipowaka, ndipo uingie kwa chroot kutoka kwenye flashi, yaani ufanye kazi ndani ya mfumo wa diski kana kwamba ndio uliowaka. Angalia patisheni kwa `lsblk -f`, unganisha ile kuu kwenye `/mnt` kwa `mount`, halafu `/boot` kama ina patisheni yake, halafu `/boot/efi`, kisha uunganishe `/dev`, `/proc` na `/sys` kwa `mount --bind`. Mwisho `chroot /mnt`, na amri zile zile tatu.

Hapa tuende polepole. Niliwahi kusahau kuunganisha `/boot`. Amri zote zilipita bila kosa hata moja, nikazima, nikawasha, panic ile ile. Nikarudia mara tatu, usiku ukaisha. Initramfs mpya ilikuwa inaandikwa kwenye folda tupu ya `/boot` iliyo ndani ya patisheni kuu, wakati GRUB inasoma patisheni nyingine kabisa. Tangu siku ile siendeshi amri yoyote ndani ya chroot kabla ya `ls /boot`: nisipoziona kerneli humo, najua nimeruka hatua. Jingine, ukiwa ndani ya chroot `uname -r` inakutajia kerneli ya flashi, si ya mashine unayoitibu, kwa hiyo usiitumie kuamua ipi ufute.

Kwa diski iliyosimbwa kwa LUKS, kinga ya Linux inayofunga data kwa nenosiri, jina unalolipa unapoifungua kwa `cryptsetup` lilingane na lililoandikwa kwenye `/etc/crypttab`. Yakitofautiana, initramfs inaweza kutengenezwa bila maelezo ya kufungua diski, na mashine haitakuomba nenosiri kabisa.

Kwenye Windows nasema kidogo tu, kwa kuwa yenyewe ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua mazingira ya urekebishaji, na humo kuna njia ya kuondoa sasisho la mwisho. Kurudi toleo la awali kwa kawaida kunawezekana ndani ya siku 10, mradi hakuna aliyefuta folda ya Windows.old kwa kutafuta nafasi. Ila kama diski imesimbwa kwa BitLocker, kinga ya Windows, muulize mwenyewe mapema kuhusu ufunguo wake wenye tarakimu 48. Bila huo, hata flashi ya Linux haitakusaidia kunakili kitu.

Piga picha ya skrini kwa simu kila ujumbe wa kosa unapotokea, na andika kila amri uliyoendesha kwa mpangilio wake. Ukikwama ukamwita mwenzako, atataka kuona hayo mawili kabla ya yote.

Na mashine ikishawaka, usiirudishe papo hapo. Endesha `df -h /boot` uone imebaki nafasi kiasi gani, izime kabisa, iwashe tena bila flashi, mara mbili. Kisha mwite mwenyewe afungue mafaili yake yeye mwenyewe, ukiwa umesimama pale.