Jibu: Tumbo la Jumatatu
Pole dada. Umeuliza kama tumbo linalomuuma kijana wako wa kidato cha pili kila Jumatatu linahusiana na baba yake kuachishwa kazi. Mi naona linahusiana. Ada kwenye shule za serikali hapa Tanzania, mpaka kidato cha nne, ilifutwa tangu 2016, lakini nauli, madaftari na mchango wa chakula bado vinamsubiri mzazi.

Mwaka niliokaa bila kazi, mwanangu aliumwa kichwa kila Jumatatu. Kumbe kiatu kimetoboka, anaona haya kuniomba! Na asubuhi kanywa chai ya rangi tupu, kichwa lazima kiume kweli.

Zahanati kwanza, apimwe. Vidonda vya tumbo navyo vipo. Halafu kamwone mwalimu wa darasa, umweleze hali ya nyumbani bila kuficha.