Kabla Hujafunga Bati: Ushauri kwa Anayejenga Ndege Ndogo Nyumbani

Ndege yangu ni Zenith CH 750 ya viti viwili, na niliijenga kwa miaka minne na miezi mitano ndani ya banda la gari nyumbani kwetu hapa Minnesota. Tangu iliporuka kwa mara ya kwanza, ndugu kadhaa wa Afrika Mashariki waishio Marekani wamenitafuta wakitaka kujua waanzie wapi, na karibu wote huuliza habari za mabati, mabawa na ribiti, yaani pini zinazounganisha mabati. Mimi huwaomba tuzungumzie kwanza nyaya, mirija na injini, kwa kuwa huko ndiko ulikoishia zaidi ya nusu ya muda wangu, na huko ndiko nilikofanya kosa lililonigharimu majira mazima ya baridi.

Kazi ya bati, kwa mtu mvumilivu, haichukui muda mrefu kuizoea. Ndege hii hufungwa kwa ribiti za kuvuta, ambazo fundi huzifunga peke yake akiwa upande mmoja wa bati, na matundu mengi huja yakiwa yametobolewa kiwandani. Unapanua tundu kwa keekee kali, unatenganisha mabati, unaondoa makapi yaliyonasa katikati, unasugua kingo mpaka ukipitisha kidole usihisi ncha yoyote, kisha unayarudisha na kuyashika kwa vibanio vya Cleco kabla ya kuvuta ribiti ya kwanza. Hatua ya kusugua isirukwe hata siku moja, maana alumini huchoka kwa mtikisiko, na ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo mdogo ambao jicho halikuuona.

Nilipomaliza kufunga sehemu ya nyuma ya kiwiliwili, ndege ilikuwa na umbo la ndege, nami nikaamini kwamba kilichobaki ni kidogo. Sikuwa nimeamua antena ya redio itakaa wapi, wala waya wa taa ya mkia utapita njia gani. Miezi kadhaa baadaye nililazimika kuusukuma waya huo gizani, tundu baada ya tundu, kwa kutumia fimbo nyembamba. Katika mojawapo ya matundu hayo sikuwa nimeweka pete ya mpira, kwa sababu mkono wangu haukufika.

Aliyeligundua jambo hilo ni mshauri wa kiufundi wa EAA, chama cha wajenzi wa ndege kilichoanzishwa mwaka 1953 ambacho makao yake yako Oshkosh, Wisconsin. Washauri hawa hujitolea na hawatozi malipo, na ninamsihi kila mjenzi awaite mapema na mara nyingi. Mzee yule aliingiza mkono kwenye kidirisha cha ukaguzi mpaka begani, akamulika kwa kurunzi na kioo kidogo, akanyamaza, kisha akaniambia nipapase mwenyewe. Nilihisi ukingo wa alumini umekata ganda la waya na kufika kwenye shaba. Injini ilikuwa haijawashwa hata mara moja. Ganda lilikuwa limechanika kwa kuvutwa tu. Nilitoboa ribiti 118 ili nifungue bati nililokuwa nimelifunga kwa furaha.

Kwa hiyo, kabla hujafunga bati lolote, chora mfumo mzima wa umeme kwenye karatasi, na uorodheshe kila waya: unaanzia wapi, unaishia wapi, una unene gani na unalindwa na fyuzi ipi. Unene hutegemea kiasi cha umeme pamoja na urefu wa waya, na fyuzi huchaguliwa ili kuulinda waya wenyewe usiungue, si kifaa kilicho mwishoni. Tumia waya wa ndege wenye ganda la Tefzel, plastiki maalumu inayostahimili joto, kwa kuwa ganda la plastiki la kawaida likiungua hujaza moshi mzito mahali ambapo rubani hana pa kukimbilia. Viungo vibanwe kwa koleo maalumu. Ukilehemu, waya hukakamaa na baadaye hukatika kwa mtikisiko pale ukakamavu unapokoma. Nyaya zote za kurudisha umeme zikutane mahali pamoja, la sivyo utazisikia zikinguruma kwenye redio. Tena, katika kila bawa na kuelekea mkiani laza mrija mtupu wenye uzi ndani yake, hata kama hujui utapitisha nini.

Kwenye dashibodi, vishawishi ni vingi, na kila kioo kipya cha kuonyesha vipimo kina uzito wake. Ndege hii inaruhusiwa kuruka na kilo 653 kwa jumla. Yangu ilipopimwa ikiwa tupu juu ya mizani tatu ilikuwa kilo 377, hivyo zilibaki 276. Matangi yakijaa lita 91 za mafuta, takriban kilo 65 huondoka, na zinazosalia kwa watu wawili na mizigo yao ni 211. Niliondoa vifaa viwili siku hiyohiyo.

Injini yangu ni Rotax 912 ULS ya nguvu farasi 100. Usiiwashe kabla hujatoa hewa yote kwenye mfumo wa oili kama mwongozo unavyoagiza, kwani ikiwashwa kavu huumia ndani kabla hujaisikia ikilia. Kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote ni cha mtiririko wa mafuta. Wakati wa kupaa, injini hii hunywa lita 27 kwa saa, na mfumo unaotumia pampu unapaswa kupitisha angalau asilimia 125 ya hizo, yaani karibu lita 34, huku pua ikiwa imeinuliwa kama ndege inayopanda kwa mwinuko mkali na tangi likiwa na mafuta kidogo. Tuliinua gurudumu la mbele juu ya jukwaa la mbao, tukafungua mpira wa mafuta penye kabureta, tukapima kwa ndoo na saa. Tulipata lita 24. Mpira mmoja ulikuwa umekunjika nyuma ya kichujio, mahali ambapo ndege ikikaa chini kwenye sakafu hauonekani kabisa. Ningepaa hivyo, injini ingezimika nikiwa juu ya miti.

Kuhusu nyaraka, sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na wajenzi wenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, kwa hiyo andika daftari na upige picha, wewe mwenyewe ukionekana kazini, tangu siku ya kwanza. Baada ya mkaguzi kutoa cheti, nilipewa saa 40 za majaribio bila abiria katika eneo maalumu. Kisha niliomba cheti cha fundi wa ndege hii, ambacho humruhusu mjenzi kuikagua mwenyewe kila mwaka.

Katika ukaguzi wa mwaka jana nilifungua vidirisha tisa ambavyo havikuwemo kwenye michoro ya awali, nilivyoviongeza baada ya zile ribiti 118. Waya wa taa ya mkia niliufikia kwa mkono mmoja, nikaizungusha pete yake ya mpira kwa vidole, ikazunguka vizuri, nikafunga.