Ampu ya Valvu Visiwani: Anzeni na Umeme

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya studio hapa Unguja, najua hamu yenu. Mkiona ampu kongwe ya valvu, ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo inayopata moto, mkono unakimbilia kinobu cha sauti. Nakuombeni uende kwanza nyuma ya ampu, pale palipoandikwa volti.

Ampu nyingi za Kimarekani za miaka ya 1950 na 1960 zilitengenezwa kwa umeme wa volti 117 hivi na hezi 60. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, ukibahatika unapoteza fyuzi tu. Usipobahatika transfoma ya ndani ya ampu inaungua, na transfoma ya asili ya ampu ya Fender Bassman ya 1959 huipati sokoni Darajani. Tumieni transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa wati kupita kiasi kilichoandikwa kwenye ampu. Lakini hiyo inashusha volti tu, hezi zinabaki 50, na transfoma ya ndani ya ampu, iliyoundwa kwa hezi 60, hupata moto zaidi kwetu. Ikianza kunuka, zima hapo hapo, wala usingoje wimbo uishe.

Umeme unapopanda, kila kitu ndani kinapanda nao: nyuzi za valvu zinazotaka volti 6.3 zinapewa zaidi, na umri wa valvu unapungua. Stabilaiza nzuri ni bora kuliko gitaa la pili. Umeme ukikatika, chomoeni kabla haujarudi.

Ampu ya plagi ya pini mbili mimi siirekodi mpaka fundi aitie waya wa ethi na aitoe ile kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) iliyounganisha umeme na bodi ya chuma ya ampu. Bila hivyo, anayeimba huku anapiga gitaa, mdomo ukigusa maiki, ndiye anayepigwa shoti. Wala msifungue ampu mkidhani kuchomoa plagi kunatosha. Kapasita zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400, na hizo zinaua. Mwachieni fundi anayezijua.

Na kamwe msiwashe ampu ya valvu bila spika.

Chumvi ya bahari nayo inakula taratibu, khasa studio za Mji Mkongwe: soketi za valvu zinashika kutu, vinobu vinakwaruza. Funikeni kwa kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani. Wakati wa masika iwasheni hata wiki isiyo na kazi, joto la valvu likaushe.

Sasa sauti. Bassman iliundwa kwa ajili ya besi, wapiga gitaa wakaichukua, na Jim Marshall wa London na mafundi wake wakajenga ampu ya JTM45 kwa kuifuata, 1962. Kwa hiyo msifungwe na jina lililo usoni, sikilizeni. Kwa besi ya taarabu, inayotakiwa kushika mdundo bila kuifunika fidla, naipenda ampu ndogo kama Ampeg B-15 kuliko Ampeg SVT yenye wati 300, kwa sababu chumba kidogo hakiibebi. Maiki ya Shure SM57 iwekeni karibu na spika, kisha isogezeni pole pole kutoka katikati kwenda ukingoni: katikati sauti ni kali, ukingoni inalainika. Besi irekodini pia kwa waya moja kwa moja, bila maiki, na mkizichanganya sauti hizo mbili zikadhoofishana, geuzeni fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya mojawapo.