Gari la pili la raha: lipime ukiwa spidi 40, si 140

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una Toyota IST ya kwendea kazini isiyokusumbua, una nafasi ya kupaki gari la pili, una milioni 10, na unataka gari la kuendesha kwa raha siku za mapumziko na kulishikia spana mwenyewe. Ukataja manne: Toyota Altezza, Subaru Forester ya turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), Land Rover 109 na Suzuki Samurai. Waliotangulia kukujibu wengi wamebishana injini ipi ina nguvu. Mimi nimemiliki mawili kati ya hayo, Altezza kwa miaka miwili na Samurai huu mwaka wa sita, na nilichelewa sana kujua kwamba swali la kwanza ni hili: je, gari hilo linakupa raha ukiwa spidi 40? Maana huko ndiko utakakokuwa muda mwingi.

Nianze na Altezza kwa sababu naona moyo wako uko huko. Yangu ilikuwa RS200, ile ya injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Siwezi kuisema vibaya. Inasukumwa na matairi ya nyuma, usukani unakuletea mkononi kila kokoto unalolikanyaga, na ile dashibodi yenye geji ndogo ndani ya geji kubwa, kama saa ya mkononi, mpaka leo sijaona nyingine ninayoipenda zaidi. Ilipotoka mwaka 1998 Wajapani waliipa tuzo ya gari la mwaka, na ilistahili.

Sasa tupige hesabu. Injini ile inatoa nguvu zake zote, farasi 210, ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Ukiifikisha gia ya pili huko, mshale wa spidi unakaribia 100. Gia ya pili tu, mkuu, bado una nne mbele yako. Niambie ni wapi kati ya Kimara na Chalinze utaipa gari lile nafasi hiyo. Kila kijiji kibao cha 50, tuta juu ya tuta, na trafiki wamesimama na tochi zao za kupimia spidi chini ya mwembe. Kwa miaka miwili nilikuwa na farasi niliyemfunga kamba fupi. Na kila tuta nilikuwa nalipanda mshazari, nimezima redio, nasikilizia tumbo la gari lisikwaruze.

Upande wa spana ndio ulionimaliza. Taa ya injini iliwaka siku moja, gari likawa zito kuanzia mizunguko 4,000. Nilizunguka gereji tatu zenye mashine ya kupimia, na kila moja ikanipa jibu lake: huku sensa, kule valvu ya VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka), kwingine "kompyuta imekufa". Wiki tano. Mwishowe ilikuwa waya mmoja uliokatika ndani ya ganda lake, kwa nje hauonekani kabisa. Aliyeugundua ni fundi umeme kijana aliyekuwa na subira ya kuufuata waya mmoja baada ya mwingine na mita yake, na namshukuru hadi kesho. Lakini wakati wote huo mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji nikitazama. Wewe umesema unataka kujifunza kwa mikono yako. Benchi halitakufundisha.

Forester ya turbo sijawahi kumiliki, ila ya kaka yangu nimeishika. Injini imelala ubavu kwa ubavu, kwa hiyo plagi zinatazama pembeni kwenye kuta za boneti, na kazi ya dakika 20 kwenye Corolla inakuwa ya asubuhi nzima na vidole vilivyochubuka. Turbo nayo haisamehe, ukichelewa kumwaga oili inakudai. Ni gari zuri la safari, lakini si la kujifunzia spana.

Land Rover 109 naiheshimu mno. Hiyo 109 ni inchi kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, kwa hiyo jua unanunua gari refu. Bodi ni ya alumini, haishiki kutu, wakati chasisi ni ya chuma na inaoza kimya kimya chini yake. Hakuna gari rahisi kufungua kama lile, kila kitu kina nati na kila nati unaiona. Ungekuwa na shamba Handeni ningekuambia ichukue leo. Kwa mtu wa Dar wa kutoka Jumamosi mara moja, klachi ile nzito na unywaji ule wa petroli utakufanya uiache chini ya turubai.

Sasa Samurai. Yangu ni SJ413: injini ya 1.3 ya kabureta, gia tano, springi za vyuma bapa vilivyolaliana, ekseli moja nzima mbele na nyingine nyuma. Transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma na lenye gia ndogo, imekaa peke yake katikati ya gari, imeunganishwa na gia boksi kwa propela fupi kama mkono wa mtoto, kwa hiyo ikivuja unaishusha yenyewe bila kugusa kitu kingine. Gari zima halifiki tani moja. Ukifungua boneti unaona ardhi pande zote mbili za injini, na mkono wako unafika popote.

Na raha yake iko hapo chini kwenye spidi ndogo. Navuka daraja la Kigamboni alfajiri, naenda njia za mchanga za kuelekea Kimbiji. Lami ikiisha nashuka, nazungusha habu za mbele (vifungo vinavyounganisha matairi na ekseli) kwa mkono, nashusha upepo wa matairi hadi psi 15, naingiza gia ndogo. Kuanzia hapo spidi 25 ni kazi tele: unachagua mkondo wa kupita, unasikiliza injini isizame, unajua lini uache kukanyaga ili isijichimbie. Saa moja ya hivyo inanishibisha kuliko Altezza ilivyowahi kunishibisha kwa mwezi. Nabaki kwenye njia za nyuma ya minazi, ufukweni penyewe sishuki, maana kasa hutaga pwani ile, na nakuomba na wewe ukija ufanye hivyo.

Nikupe mfano mmoja wa spana ili ujue unaingia kwenye nini. Mwezi wa kwanza, Kilwa Road, niko kwenye 65, nikapiga kishimo kidogo. Usukani ukaanza kutikisika kushoto kulia kwa nguvu, mikono yote miwili inashindwa kuushika, mpaka nilipokanyaga breki ukatulia. Niliogopa kweli. Nikaambiwa ni balansi ya matairi, nikafanya. Ukarudi. Nikabadili tairodi (fimbo inayounganisha usukani na matairi). Ukarudi. Nikafunga shoku mpya ya usukani, ukatulia wiki mbili, ukarudi.

Basi nikainua mbele kwa jeki, nikashika tairi juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Kuna mlio mdogo sana, "tk", kama kucha juu ya kikombe. Zilikuwa beringi za kingi pini (pini ambazo tairi hugeukia), mbili kila upande, ndani ya kile kichwa cha mviringo nyuma ya tairi. Nilipofungua, grisi haikuwa grisi tena. Sili ya ndani ilikuwa imekufa, oili ya difu imeingia na kuigeuza uji wa kijivu. Nikapangusa kikombe cha beringi na kitambaa, nikaona mistari midogo iliyochimbwa, imepangana kama meno ya kitana. Miaka mingi rola zilikuwa zimegonga palepale, gari likiwa limenyooka.

Beringi zenyewe zina namba ubavuni. Iandike, nenda eneo la Gerezani hapa Dar kwenye duka la beringi, taja namba wala usitaje gari. Ukitaja Samurai utaambiwa hakuna. Kwenye kurudishia kuna shimu, vile vibati vyembamba chini ya kila kingi pini. Za juu na za chini zisichanganyike. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyezitunza kwenye vifuniko vinne vya chupa za maji, ameviandika kwa kalamu: juu kushoto, chini kushoto, na kuendelea. Kuongeza au kupunguza shimu ndiko kunakoamua beringi zikaze kiasi gani, na kipimo chake ni kuvuta kile kichwa kwa mizani, kabla hujarudisha sili, uone kinaanza kugeuka kwa uzito gani. Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayeuza samaki. Kilipoanza kusogea kwenye kilo moja na nusu nikafunga. Kazi ile ilichukua Jumamosi mbili. Jumapili ya pili nilirudi Kilwa Road, nikapita kishimo kilekile kwenye 70, usukani ukatulia kama maji ya mtungini. Furaha ile sijui niielezeje, mkuu. Nilirudi tena mara tatu.

Spea watu wanaziogopa bila sababu. India waliunda gari hilihili kwa jina la Maruti Gypsy kwa zaidi ya miaka 30, na vitu vingi vya huko vinaingia: sili, vitu vya breki, gasketi, hata kabureta. Bodi ndiyo ngumu kupata.

Kasoro zake nazo uzijue. Hakuna AC, kuna kelele, na ni gari fupi lenye kimo, hivyo kona usiikate kama uko kwenye Altezza. Viti vya nyuma vya pembeni usiweke watoto bila kufunga mikanda ya kweli iliyoshikwa kwenye chuma. Safari ya Moshi nenda na IST, na IST hiyo usiiuze hata iweje. Ndiyo inayokuruhusu kuiacha Samurai imefunguliwa wiki mbili bila mtu wa nyumbani kukosa usafiri.

Milioni 10 usiipeleke yote kwa muuzaji. Tafuta ya sita na nusu hadi saba, iliyobaki iweke kwa ajili ya matairi, breki, mkanda wa taimingi (badilisha siku ya kwanza, usimwamini mtu) na hizo beringi. Na jambo la makaratasi: nyingi zimeshabadilishwa injini, kwa hiyo linganisha namba ya injini na ya chasisi na kadi ya gari kabla ya kuanza kuongea bei.

Umesema kuna moja unakwenda kuitazama Bagamoyo Jumamosi. Gari la pwani, kwa hiyo nenda na sumaku ndogo na tochi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, ukifika gusa boneti kwanza uone kama ni baridi. Sumaku ipitishe chini ya milango na kwenye matao ya matairi, ikikataa kushika pana puti (plasta ya kuzibia palipooza). Inua mazulia yote. Kwenye mchanga ingiza gia ndogo, kanyaga kisha achia ghafla, uone kama mti wa transfa unachomoka wenyewe. Halafu lala chini kabisa, umulike chasisi pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, ugonge kwa bisibisi. Mlio ukiwa mzito kama wa kugonga mbao, ondoka hata kama rangi inang'aa. Piga picha za sehemu hiyo, pande zote mbili, uziweke hapa kabla hujatoa hela. Jumamosi jioni nitakuwepo, nitazitazama.