Kabla hujasaini daftari la mahudhurio: kwa wenzangu mnaoishi pembeni ya hifadhi

Nimekaa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji huku Muheza, jirani na msitu wa hifadhi wa Amani, na tangu nitoke watu hawaachi kuniuliza eti wakichaguliwa waanzie wapi. Jibu langu wengi hawalipendi: anza na makaratasi. Doria baadaye, miche baadaye, semina za posho ndo baadaye kabisa.

Si mnajua inavyokuwa? Gari linakuja, mnaitwa shuleni, mnaelezwa mradi, soda zinapita, halafu linazungushwa daftari mnaandika jina, kitongoji, namba ya simu, sahihi, mnaenda zenu shamba. Baadaye unasikia "wananchi waliridhia", na ushahidi wenyewe ni lile lile daftari la soda, limebanwa na pini nyuma ya muhtasari ambao hakuna aliyewahi kuusikia ukisomwa. Kwetu ilishatokea, siwataji. Kwahiyo kabla hujasaini angalia juu ya ukurasa pameandikwa kikao gani, tarehe ngapi, ajenda nini, na kama pako wazi andika mwenyewe, hakuna atakayekufunga kwa hilo. Kisha dai muhtasari usomwe mkutano mkuu wa kijiji unaofuata. Ule mkutano unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu na mkazi yeyote mwenye miaka 18 anahoji, sio hisani ya mwenyekiti.

Halafu jueni msitu ni wa nani, maana hapa watu wengi wanachanganya. Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ni mali ya serikali, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ndo wasimamizi, nyie kijiji mnaingia kwa makubaliano ya maandishi na mgao wenu ni ule ulioandikwa humo, kama haukuandikwa basi ni ahadi ya mdomo tu. Ila Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu pia kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi kwenye ardhi yake, na huo mapato na faini zake ni za kijiji. Sasa faini nayo ina mwenyewe: bila sheria ndogo iliyopita mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, mnachomtoza mama aliyekutwa na mzigo wa kuni ni dhuluma. Nimemwona mgambo kwa macho yangu anapokea elfu kumi, anaikunja mara nne, anaisokomeza kwenye soksi, safari inaendelea. Risiti hakuna. Mkiona hivyo kwenye kamati yenu msinyamaze, maana yule mama hatawasaidia tena kutaja nani anapasua mbao usiku.

Miradi ya kipato nayo, someni kabla ya kufurahi. Huku milimani watu walifuga vipepeo wa kuuza nje, hela ilikuwa inaonekana kabisa, mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi na vipepeo wakakumbwa humo humo, wafugaji wakabaki na vizimba. Simlaumu mtu, lakini kila ukiletewa mkataba uliza mnunuzi akikosekana hasara anabeba nani, na kama jibu ni "tutaona", usiache iliki na pilipili manga zako.

Ndugu zangu wa Mkwaja na vijiji vingine vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani nyie kesi yenu ni tembo, na hapo pia ni karatasi. Serikali inachotoa tembo wakiharibu mazao kinaitwa kifuta jasho, kina kanuni zake tangu 2011, na sio fidia ya thamani yote ya mahindi, kwahiyo usipige hesabu ya mabati kabla. Tembo wakipita shambani usiku, asubuhi piga picha, mwite mtendaji siku hiyo hiyo, na usifyeke mabaki mpaka afisa wanyamapori afike apime. Akishajaza fomu omba nakala yenye mhuri ubaki nayo nyumbani, maana ikipotea huko ofisini utaambiwa hukuwahi kuripoti.