Maswali yenu: kukimbia pwani ya Saint-Malo

Tangu nilipougusia hapa mji wa Saint-Malo, kaskazini mwa Bretagne nchini Ufaransa, maswali hayajakatika. Nimechagua sita. Wengine mnakimbia kila siku, wengine hamjakimbia tangu mchakamchaka wa shuleni. Nawajibu wote kwa moyo mmoja, kwa sababu pwani ile naipenda mno.

Binti yangu anasoma Rennes na nitamtembelea Julai. Nina miaka 58, hukimbia taratibu alfajiri. Tukipata siku moja Saint-Malo, nianzie wapi? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Kutoka Rennes kwa treni ni chini ya saa moja, kwa hiyo lala hukohuko Saint-Malo kama mnaweza, ili asubuhi iwe yako. Anzia juu ya ukuta. Mji mkongwe wote umezungukwa na ngome ya mawe ya matale, na juu yake kuna njia ya miguu. Mzunguko mmoja haufiki kilomita 2. Mkono mmoja una mapaa na mabomba ya moshi, mkono mwingine bahari na visiwa vyenye maboma. Agosti 1944 sehemu kubwa ya mji huu iliteketea vitani. Ukuta ulibaki, na nyumba zikajengwa upya kwa kufuata sura ya zamani. Ukilijua hilo utayatazama mapaa yale kwa jicho jingine.

Fika kabla ya saa mbili asubuhi. Baadaye watalii hujaa na kukimbia hakuwezekani tena. Angalia hatua kwenye ngazi, mawe yakilowa huteleza. Ukishuka, toka nje ya lango la Saint-Vincent uelekee ufukwe wa Sillon: takribani kilomita 3 za mchanga, na juu yake kuna njia ya lami kwa saa ambazo maji yamejaa. Magogo ya mwaloni utakayoyaona yamesimama mchangani kama askari yaliwekwa tangu mwishoni mwa karne ya 17 ili kuvunja nguvu ya mawimbi.

Nimesikia maji ya huko hupanda mita 12. Ni kweli? Na mtu atakimbiaje ufukweni? (Kaka, Mombasa)

Ni kweli, na hili ndilo jibu ninaloomba kila mmoja alisome mara mbili.

Wewe wa Mombasa unalijua bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine: mita 4 hivi kati ya maji kupwa na maji kujaa, na tayari ufuo hubadilika sura. Saint-Malo, bamvua kubwa hupita mita 12. Maji ya Atlantiki huingia katika mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, yakakutana na rasi ya Cotentin iliyojitokeza mbele yao kama ukuta. Hayana pa kwenda ila juu.

Sasa piga hesabu. Maji hujaa kwa saa sita hivi, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huenda polepole, kisha katika saa ya tatu na ya nne peke yake hupanda karibu nusu ya kimo chote. Kwa bamvua la mita 12, hizo ni mita 6 kwa saa mbili, yaani sentimita 5 kila dakika. Ukisimama dakika kumi kupiga picha, maji yaliyokuwa kwenye kifundo yamefika juu ya goti.

Kwa hiyo pale hatupangi mbio kwa saa ya mkononi, tunapanga kwa jedwali la maji. Hubandikwa bandarini na katika ofisi ya utalii. Pamoja na nyakati, jedwali lina namba inayoanzia 20 hadi 120: namba ndogo ni maji mafu, yaani yanayopanda na kushuka kidogo, ikivuka 100 ni bamvua la nguvu. Mimi huingia mchangani saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na hutoka yanapoanza kugeuka. Wakati huo mchanga uliolowa ni mgumu, hauumizi mguu, na ufukwe ni mpana hata huwaoni vizuri watu wa upande wa pili. Nyakati hizo husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, basi usitumie jedwali la jana.

Utatamani kuvuka kwenda kisiwa cha Grand Bé, mbele kabisa ya ukuta, kwenye kaburi la mwandishi Chateaubriand aliyefariki 1848. Maji yakipwa kuna njia ya mawe. Mwaka wangu wa kwanza nilivuka nimechelewa, nikarudi maji yakinivuta miguu, na mapigo ya moyo niliyoyasikia siku ile hayakuwa ya mbio. Njia ikishafunikwa, baki kisiwani. Utakaa kama saa sita, utapata baridi na njaa, lakini utarudi.

Najiandaa kwa mbio ndefu. Nimetazama ramani nikaona Saint-Malo hadi Cancale kwa njia ya pwani. Inafaa kwa siku moja? (Ndugu wa Lubumbashi, anaishi Lyon)

Inafaa, ndugu, ila isahau ile namba ya barabarani. Kwa gari ni kilomita 15 hivi. Njia ya miguu hufuata kila rasi na kila kijighuba, na utamaliza umepita kilomita 30. Hakuna mlima, lakini kupanda na kushuka hakuishi: unashuka ufukweni, unapanda ngazi za udongo, unashuka tena. Kama umezoea kilomita moja kwa dakika tano, hesabu saba au nane, na usijilaumu.

Utafuata alama za rangi nyeupe na nyekundu za njia iitwayo GR34. Ukishatoka Rothéneuf, nyumba zinapungua na unaanza kusikia pumzi yako. Rasi ya Meinga imejaa vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, vaa soksi ndefu. Baadaye unafika ghuba ya Du Guesclin, mchanga mweupe na ngome ndogo juu ya mwamba ndani ya maji. Hapo mimi hukaa chini na kula. Usiruke kituo hicho, kwa sababu sehemu ngumu bado.

Kisha rasi ya Grouin. Njia inapita juu ya majabali, chini yako bahari inachemka, mbele yako ni kisiwa cha Landes wanakotaga mnandi na shakwe, na siku ya hewa safi unakiona Mont-Saint-Michel, kisiwa cha mwamba chenye abasia juu yake, kimesimama ng'ambo ya ghuba. Nimeikimbia mara nyingi na bado koo hunikaza nikifika. Toka hapo hadi bandari ya Cancale ni kama kilomita 7 za kuteremka zaidi kuliko kupanda. Bandarini wanauza chaza, unawala palepale kwenye kingo. Kurudi, panda basi.

Njia hiyo inapita mbele ya nyumba za matajiri. Wenye nyumba hawaizibi? (Dada, Nairobi)

Hawaruhusiwi, dada, na nimefurahi umeuliza. Njia ilianza mwaka 1791 kwa ajili ya askari wa forodha. Walitembea usiku na mchana juu ya majabali kuwawinda wafanya magendo, ndiyo maana mpaka leo inaitwa njia ya watu wa forodha. Magendo yalipopungua na doria kukoma, vichaka vikaimeza sehemu kubwa. Kuanzia 1968 wapenda matembezi wakaanza kuifungua upya kipande kwa kipande. Halafu ikaja sheria ya tarehe 31 Desemba 1976: mwenye ardhi inayopakana na bahari lazima aache mita 3 kwa ajili ya wapita kwa miguu. Leo GR34 inazidi kilomita 2,000, kutoka Mont-Saint-Michel hadi Saint-Nazaire.

Sisi tuliokua tukiona vichochoro vya kwenda baharini vikiishia kwenye geti la hoteli tunajua thamani ya mita hizo tatu. Naziona kuwa ni kitu kizuri kuliko ngome zote za Saint-Malo.

Magoti yangu hayataki tena ngazi. Kuna pahala tambarare? (Mzee, Maskati)

Shikamoo mzee wangu. Nenda Dinan, mji mwingine wa kale juu ya mto Rance. Teremka hadi bandari ndogo iliyo chini ya mji, ila kwa gari, kwa sababu mtaa wa Jerzual ni mteremko mkali wa mawe. Kando ya mto kuna njia iliyotumika zamani kuvuta mashua kwa kamba. Ni tambarare na ya udongo ulioshindiliwa. Hadi abasia ya Léhon ni kama kilomita 2, na ukijisikia unaweza kuendelea na mfereji hadi Évran. Miti inakufunika, na maji hayana wimbi hata moja.

Saint-Malo ni mji wa maharamia. Waliwahi kufika kwetu? (Msomaji, Zanzibar)

Wenyewe husema hawakuwa maharamia, kwa sababu walikuwa na kibali cha mfalme kuteka meli za adui. Lakini uhusiano na bahari yetu upo, na ni mchungu. Mahé de La Bourdonnais, mzaliwa wa Saint-Malo, aliitawala Mauritius katika karne ya 18 ilipoitwa Île de France, na kisiwa cha Mahé huko Shelisheli kina jina lake. Mashamba ya visiwa vile yalilimwa na watumwa, wengi kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Robert Surcouf, mmoja wa wateka meli hao na shujaa wa mji, aliyezaliwa 1773, naye alibeba watumwa katika bahari hiyohiyo. Sanamu yake iko karibu na ukuta, kidole kimeelekea baharini. Utaipita kwenye mzunguko wako. Simama uitazame, na wakumbuke wale wasiokuwa na sanamu.